Maswali ya Wasomaji: Akaunti Mbili za Akiba ya Afya, Kikomo Kimoja cha Ndoa

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi na mke wangu tunaishi Ohio, na kila mmoja wetu ana bima ya afya kutoka kazini kwake. Bima yangu inanihudumia mimi na watoto wetu wawili, na ya mke wangu ni yake peke yake. Zote mbili ni za aina ile ambayo mwenye bima hujilipia kiasi kikubwa kwanza kabla bima haijaanza kulipa, kwa hiyo kila mmoja amefunguliwa akaunti ya akiba ya afya, yaani HSA. Mwaka 2025 nilikatwa kwenye mshahara dola 8,550, na mke wangu akakatwa dola 4,300. Mfanyakazi mwenzangu anasema tumezidisha. Inawezekanaje, ilhali bima ni mbali na akaunti ni mbali?

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzako amesema kweli, na nimefurahi kwamba umeuliza mapema, kwa sababu kosa lenu ni la kurekebishika bila adhabu yoyote iwapo mtalishughulikia kwa wakati.

Akaunti ya HSA ni ya mtu mmoja. Hakuna akaunti ya pamoja ya mume na mke, na kila mmoja huendesha yake kwa jina lake. Kikomo cha kuchangia, hata hivyo, ni cha ndoa. Kifungu cha 223 cha sheria ya kodi ya Marekani kinaeleza kwamba, iwapo mmoja wa wanandoa ana bima ya familia ya aina hii, basi wote wawili wanahesabiwa kuwa na bima ya familia, na kikomo kimoja cha familia ndicho wanachogawana. Neno “familia” hapa lina maana pana kuliko tunavyolizoea, kwani bima ikishamhudumia mwenyewe pamoja na mtu mwingine mmoja tu, hata mtoto mchanga, tayari ni bima ya familia. Kwa hiyo haidhuru kwamba mkeo hayumo katika bima yako, kwa kuwa watoto wamo, nanyi ni mume na mke. Hata mkijaza ritani za kodi kila mtu kivyake, hesabu hii haibadiliki.

Kikomo cha familia kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 8,550. Nyinyi mmeweka jumla ya dola 12,850, kwa hiyo ziada ni dola 4,300. Mngekuwa na bima za mtu mmoja mmoja, kila mmoja angeruhusiwa dola 4,300 zake bila kumuuliza mwenzake, na jumla yenu ingefika dola 8,600, yaani dola 50 zaidi ya kikomo cha familia. Na lau bima ya mkeo ingekuwa ya kawaida, isiyo na kiwango kikubwa cha kujilipia, yeye asingekuwa na haki ya kuchangia hata senti, nawe ungebaki na dola 8,550 zote, mradi tu bima yake isiwe inakuhudumia na wewe.

Sasa, nani apunguze? Sheria inasema kikomo kigawanywe nusu kwa nusu, isipokuwa wanandoa wakikubaliana vinginevyo, na makubaliano hayo yanaweza kuwa ya namna yoyote, hata mmoja kuchukua chote na mwingine kubaki bila kitu. Ushauri wangu ni kwamba mkae mezani na taarifa za akaunti zote mbili. Tuseme mkeo ameshatumia sehemu kubwa ya fedha zake kulipia miwani na meno ya mtoto, jambo ambalo ni halali kabisa, maana fedha za HSA zinaweza kumtibu mwenzi na watoto hata kama wamo katika bima nyingine. Hapo ni rahisi zaidi ziada itoke kwako: wewe ubaki na dola 4,250, naye abaki na dola 4,300. Kila mmoja atajaza Fomu 8889 yake, ile ya HSA inayoambatanishwa na ritani, na mstari wa 6 ndipo mnapoonyesha mgawanyo huo. Angalieni pia kisanduku cha 12 katika Fomu W-2, ile taarifa ya mshahara wa mwaka kutoka kwa mwajiri, penye herufi W. Kiasi kilichoandikwa hapo kinajumlisha mlichokatwa na alichowaongezea mwajiri, na vyote viwili vinahesabiwa ndani ya kikomo.

Mtakapoiandikia taasisi inayotunza akaunti, tafadhali msiombe kutoa fedha kwa njia ya kawaida. Ombeni fomu ya kuondoa mchango uliozidi, kwa sababu fedha zikitoka kama matumizi yasiyo ya matibabu mtatozwa kodi ya mapato pamoja na nyongeza ya asilimia 20. Taarifa ya fedha zilizotoka, yaani 1099-SA, mtakayoletewa baadaye iwe na namba 2 katika kisanduku cha 3. Ikiwa na namba 1, rudini mkawaombe wasahihishe. Ziada itoke pamoja na faida iliyozaa kabla ya tarehe 15 Aprili 2026, na waliokwisha kuwasilisha ritani kwa wakati wanayo nafasi hadi tarehe 15 Oktoba, kwa kuwasilisha ritani ya marekebisho. Kwa kuwa fedha hizo zilikatwa kabla ya kodi, dola 4,300 zitahesabiwa kuwa kipato chenu cha 2025, na faida yake itatozwa kodi ya mwaka mliyoitoa. Mkiiacha ziada ikae, mtatozwa asilimia 6, yaani dola 258, na tozo hiyo hurudi kila mwaka hadi ziada iondoke.

Msisahau kuziarifu ofisi za mishahara mapema kuhusu mwaka 2026, ambao kikomo chake cha familia ni dola 8,750.

SWALI: Mume wangu amejiandikisha kazini kwake katika akaunti ya kulipia matibabu, ile ya FSA. Mimi nina bima yangu mwenyewe ya kujilipia kwanza na HSA yangu. Sijawahi kugusa fedha za FSA yake. Je, niko salama?

JIBU: La, dada yangu. Kinachotazamwa ni kama FSA hiyo inaweza kulipia matibabu yako, wala si kama imelipia, na FSA ya kawaida inaweza kumlipia mwenzi. Kwa miezi yote ambayo inatumika, huna haki ya kuchangia HSA. Utakuwa salama ikiwa ni FSA ya meno na macho tu, au ikiwa mpango wa mwajiri unaizuia kumlipia mtu yeyote isipokuwa mfanyakazi mwenyewe. Mwombe mumeo aulize kazini kabla ya dirisha la kujiandikisha halijafunguliwa tena.

SWALI: Mume wangu ana miaka 63, mimi nina 57. Tuko katika bima moja ya familia ya kujilipia kwanza. Je, tunaweza kuweka nyongeza zetu za umri katika HSA yake?

JIBU: Nyongeza ya dola 1,000 kwa aliyefikisha miaka 55 haigawanywi wala haihamishwi, na kila mmoja sharti aiweke katika akaunti yake mwenyewe. Fungua yako, hata ikiwa ni kwa ajili ya dola hizo 1,000 peke yake. Kwa mwaka 2026 mnaweza kufikia dola 10,750 mkiwa pamoja. Mumeo akijiunga na Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, atalazimika kuacha kuchangia, na akichelewa kujiunga baada ya miaka 65 ajihadhari, kwani Sehemu A ya Medicare, ile ya hospitali, inaweza kurudishwa nyuma hadi miezi 6 na kuifanya michango ya miezi hiyo kuwa ziada. Wewe, ukibaki katika bima yenu ya familia, utaendelea kuchangia hadi kikomo kizima cha familia pamoja na nyongeza yako, na zote zitaingia katika akaunti hiyo utakayoifungua sasa.