Jibu: Kutembea wikendi ukiwa München, Ujerumani, kiangazi

Habari ndugu. Umeuliza pa kutembea wikendi bila gharama kubwa. Nimekuelewa: uko kwenye kozi hadi Agosti, una Jumamosi na Jumapili tu, na nauli za treni za kasi zinakumaliza.

Kwanza angalia kama una Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma Ujerumani. Kwa 2026 ni euro 63 kwa mwezi, unapanda treni zote za mikoa (RE, RB, S-Bahn) nchi nzima. ICE na IC, zile treni za masafa marefu, usiguse; tiketi hii haizihusu. Ni malipo yanayojirudia, kwa hiyo sitisha kabla ya tarehe 10 ya mwezi wako wa mwisho, la sivyo utalipia Septemba ukiwa nyumbani.

Mimi ningeanza na Salzburg. Ni Austria, lakini tiketi hiyo hiyo inakufikisha hadi stesheni kuu, safari ya kama saa mbili. Beba pasipoti yenyewe, si picha kwenye simu: wakati wa kurudi polisi hupita kwenye mabehewa, na sisi Waafrika huwa hatusahauliki.

Kwa kasri la Neuschwanstein, shuka mji wa Füssen, kisha panda basi. Tiketi ya kuingia ndani ikate mtandaoni mapema. Ukikosa, daraja la Marienbrücke ni bure na ndiko picha nzuri zilipo.

Chakula nunua Jumamosi. Jumapili maduka hufungwa.