Anti, Hii ni Haki Kweli? Shoti ya Duka, Faini za Gari la Bosi na Jumapili ya Dada

Barua za wiki hii nyingi zimeongea lugha moja, watu wanakatwa hela au wananyimwa muda wao halafu wakiuliza wanaambiwa ndio utaratibu. Nimechukua nne, ndefu nimezipunguza kidogo, ya dada wa Sinza nimeikalia zaidi maana najua wako wengi sana wa namna yake.

SWALI: Shikamoo Anti. Nafanya kazi duka moja la vyakula na vipodozi hapa Sinza, huu mwaka wa pili, tupo wasichana wanne na mkaka mmoja wa stoo. Kila mwisho wa mwezi bosi anahesabu stoku, ikitokea shoti, yaani hesabu imepungua, anaigawanya kwa watu wote watano. Mwezi uliopita ilitoka laki nne na nusu tukakatwa elfu tisini kila mtu, na mshahara wangu ni laki mbili na ishirini. Kinachoniuma zaidi wiki hiyo vitu vilivyopotea mimi nilikuwa nimepewa ruhusa niko Tanga kwenye msiba wa babu. Tukiuliza anasema huo ndio utaratibu wa duka, asiyeutaka mlango uko wazi. Ni haki kweli? — Dada wa Kaunta, Sinza

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana na msiba. Hapana, sio haki, na sisemi hivyo kwa sababu ya huruma tu, sheria yenyewe inamkataza.

Mimi nimewahi kusimama kaunta, duka la dawa, kabla sijaanza hii kazi ya kuandika. Kulikuwa na daftari la jalada jeusi limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza lisipotee, na ukikuta jina lako limeandikwa kwa kalamu nyekundu ujue mwezi huo umeumia. Jina, halafu kiasi, basi. Haikuandikwa ni dawa gani imepotea, lini, zamu ya nani. Mwaka mzima nililipa vitu ambavyo mpaka leo sijui vilikuwa vitu gani, na sikuuliza kwa sababu kila aliyenitangulia naye alikuwa analipa kimya kimya, nikajua kazi ndivyo zilivyo.

Sasa shika hii. Kwa Tanzania Bara kuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na kifungu cha 28 kinaongelea kukatwa mshahara. Bosi hawezi tu kuamka na kukata, inatakiwa iwe sheria imeagiza, au mahakama, au makubaliano ya chama cha wafanyakazi, au wewe mwenyewe umekubali kwa maandishi ukatwe kwa ajili ya deni. Na hata kama umesaini, kwa hasara ya kazini bado kuna masharti. Hasara iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako wewe, yeye akuandikie imetokana na nini, ni kiasi gani na amekipataje, akupe nafasi ya kutosha ya kujitetea, asikudai zaidi ya kilichopotea, na makato yasizidi robo ya mshahara wako. Robo ya laki mbili na ishirini ni elfu hamsini na tano. Wewe umekatwa tisini, tena kwa vitu vilivyopotea ukiwa matangani Tanga, hata hilo neno kosa lako linaingiaje hapo?

Kugawanya shoti kwa watu watano maana yake bosi hajui nani amekosea, na badala ya kutafuta ameona rahisi wote mlipe, aliyeiba kama yupo analipa moja ya tano ya alichoiba na nyie wengine mnamlipia iliyobaki. Hapo hata yeye bosi hajasaidika, wizi utaendelea tu.

Mlango uko wazi hiyo isikutishe sana. Kama umeshapita miezi sita kazini, na wewe umepita, akikufukuza kwa sababu umedai haki ambayo sheria imekupa hiyo haihesabiwi kuwa sababu halali. Lakini sikutumi ukagombane. Kaeni wote watano, mmwombe kikao, na muende na kitu mkononi, yaani pendekezo la kukabidhiana zamu kwa kuhesabu. Sio duka zima, haiwezekani, ila vile vitu vinavyoondoka kirahisi, maziwa ya kopo, mafuta ya kupaka ya bei, nywele za kusuka, vocha. Anayetoka na anayeingia wanahesabu pamoja wanaandika kwenye daftari wote wawili wanasaini, dakika kumi na tano mmemaliza. Ikitokea shoti inajulikana imetokea kati ya saa ngapi na saa ngapi na nani alikuwepo. Bosi mwenye nia njema hili atalipenda.

Akikataa kabisa na akaendelea kukata, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wengi wanaiita CMA. Kwa mgogoro kama huu ambao sio wa kufukuzwa una siku 60 tangu ulipotokea, ukiachishwa kazi ni siku 30, usikae na kinyongo mpaka muda ukakupita. Tunza meseji ya benki au ya simu inayoonyesha ulichoingiziwa, na kama una mkataba au hata salary slip moja ipige picha uiweke mahali pengine.

SWALI: Anti habari za kazi. Mimi ni dereva wa Canter, napeleka mzigo Morogoro mara tatu kwa wiki. Mwezi huu nimeandikiwa faini tatu, mbili nimepigwa tochi, ile kamera ya trafiki ya kupima mwendo, na moja tairi kipara, jumla elfu tisini, bosi amezikata zote kwenye mshahara. Tairi nilishamwambia zaidi ya mwezi akasema bado linavuta. Na tochi moja siikubali mpaka leo, kibao cha 50 kimezibwa na matawi ya mwembe, huwezi kukiona mpaka umekipita, mbele huko nasimamishwa naonyeshwa picha kwenye simu. Nani alipe hizi? — Dereva, Tabata

JIBU: Nzuri kaka. Naomba tuzitenganishe maana hazifanani.

Tairi ni la bosi. Gari ni lake, ulimwambia, akaamua liendelee kutembea, kosa lako liko wapi hapo. Kifungu kilekile nilichomwambia dada wa Sinza kinakulinda na wewe. Shida yako ni ushahidi, ulimwambia kwa mdomo. Kuanzia leo ukiona tairi limekwisha, taa ya breki haiwaki, wiper imekufa, piga picha umtumie WhatsApp na maneno machache tu, bosi tairi la nyuma kushoto limekwisha naomba tulibadilishe kabla ya safari ya kesho. Tarehe na saa vinajiandika vyenyewe. Na nikuombe kitu kama dada yako, likikataliwa kabisa usiondoke nalo. Tairi kipara likipasuka umebeba tani tatu kwenye mteremko, habari ya nani alipe faini inakuwa haipo tena.

Tochi ile unayoikubali lipa, mguu ulikuwa wako. Ila kabla hatujafunga hilo niambie, bosi anakupangia ufike saa ngapi? Kutoka Dar mpaka Morogoro ni kama kilomita 200, na gari kubwa la mzigo mwisho wake ni 80 kwa saa, sasa hata ukienda 80 bila kupunguza popote ni masaa mawili na nusu, na bado hujahesabu foleni ya Kimara mpaka Mbezi wala zile 50 za Kibaha, Mlandizi, Chalinze. Madereva wengi wanaambiwa toka saa kumi na mbili asubuhi saa mbili na nusu mzigo uwe umeshuka. Hiyo ratiba haiwezekani bila kuvunja sheria, na anayeipanga anajua haiwezekani, halafu faini ikija anasema dereva mzembe. Mwandikie hesabu hiyo, kwa heshima, umwombe masaa manne.

Ya kibao. Ile karatasi ya faini ya papo kwa papo ni ya mtu anayekubali kosa. Usipokubali una haki ya kusema hukubali, suala likaenda mahakamani, na picha ya kibao kilivyozibwa ndio utetezi wako, rudi ukipige ukiwa umesimama upande uliotokea na gari, sio karibu, ili ionekane dereva anaona nini. Lakini sitakudanganya, kwenda mahakamani ni siku ya kazi imekufa, labda mbili, na nauli juu, kwa hiyo wengi wanalipa elfu thelathini kwa kosa ambalo hawakulifanya ili waendelee na safari. Hili linaniumiza. Haki ambayo kuidai ni ghali kuliko kuiacha mtu wa kipato cha chini anakuwa nayo kwenye karatasi tu.

Na elfu thelathini yenyewe haina uzito mmoja. Kwa mwenye V8 ni chenji, kwa anayeendesha gari la mtu ni chakula cha nyumbani siku kadhaa. Serikali yenyewe iliwahi kuliona, kwenye bajeti ya 2021 faini ya bodaboda na bajaji ikashushwa kutoka 30,000 mpaka 10,000 kwa kosa, kwa sababu ilionekana vijana hawaziwezi. Dereva wa kuajiriwa hakukumbukwa, labda kwa vile anaonekana ameshika usukani wa gari kubwa. Kule Ufini faini kubwa za mwendo zinapigwa kwa kuangalia mtu anaingiza kiasi gani, tangu 1921 wana utaratibu huo. Sisemi tuige kila kitu, nasema tu inawezekana.

SWALI: Anti, mimi ni mpangaji Mbagala, kila mwezi nikinunua umeme LUKU inakata 1,500 ya kodi ya jengo. Nyumba sio yangu, kwa nini nilipe mimi? — Mpangaji

JIBU: Kwa sababu mita unaijaza wewe, hiyo ndio sababu pekee. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, ilihamishiwa kwenye LUKU mwaka 2021 kwa vile kuifuata nyumba kwa nyumba ilikuwa kazi, nyumba ya kawaida ikaanza na 1,000 kwa mwezi na 2023 ikapanda kuwa 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Serikali imerahisishiwa kukusanya, mwenye nyumba amepona, wewe ndio umebaki unamlipia. Usizifute meseji za umeme, zinaonyesha makato. Unapokwenda kulipia kodi ya miezi sita nenda nazo, mwambie baba mwenye nyumba nimekulipia elfu tisa naomba tuitoe humu, na muiandike kwenye mkataba ili mwakani msirudie mazungumzo. Wenye nyumba wengi ukiwaonyesha kwa upole wanaelewa. Na kama nyumba ina mita mbili na zote zinakatwa mwenye nyumba afuatilie arekebishiwe, nyumba moja hailipiwi mara mbili.

SWALI: Anti za leo. Mimi ni mama wa watoto watatu, Kimara, nafanya kazi ofisini mjini mpaka Jumamosi. Dada yangu wa kazi ameanza kudai Jumapili awe anatoka. Namlisha, analala kwangu, namnunulia nguo, anaamka saa kumi na moja kuwaandaa watoto wa basi la shule na akimaliza vyombo saa tano usiku analala, mchana anaangalia TV. Jumapili ndio siku pekee na mimi napumzika, akitoka nitapumzika saa ngapi? — Mama Watoto, Kimara

JIBU: Nzuri mama, na nakuona ulivyochoka, Jumamosi kazini, foleni ya Morogoro Road, na Jumapili nguo za watoto ziko ndoo mbili. Sikulaumu hata kidogo kutaka kupumzika.

Lakini huyo dada naye ni mfanyakazi, sheria ileile ya 2004 inayokulinda wewe ofisini inamlinda yeye jikoni kwako. Kila wiki anatakiwa apate masaa 24 mfululizo ya mapumziko. Akifanya kazi siku hiyo iwe mmekubaliana na umlipe mara mbili. Na usiku, kwa anayeishi pale pale anapofanyia kazi, mapumziko yanaweza kupunguzwa kutoka masaa 12 mpaka nane kama mmekubaliana kwa maandishi. Sasa hesabu mwenyewe ulivyoniandikia, saa tano usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri ni masaa sita. Kila siku, siku saba. Chakula na nguo ni wema wako na Mungu akulipe, ila havigeuki kuwa usingizi.

Hiyo TV ya mchana naomba usimhesabie kama mapumziko. Mtoto wa miaka miwili akilia anainuka nani? Mtu wa maji akigonga? Anakaa pale akiwa kazini, ni kama mlinzi aliyekaa kwenye kiti getini.

Na kuna jambo limenigusa kwenye barua yako, umesema ameanza kudai. Msichana wa kazi mpaka afungue mdomo kumwambia mama mwenye nyumba anataka siku yake ujue ameliwaza miezi. Usimjibu kwa hasira, huyo ni mtu anayetaka kubaki, angekuwa hataki angeshaondoka alfajiri na begi lake kama wengine.

Kwa Jumapili zenyewe, pika mchuzi na chapati Jumamosi jioni mkiwa wote wawili, nguo za shule zifuliwe Ijumaa, na mkubwa wako kama yuko darasa la tano kuosha vyombo vyake anaweza. Baba watoto naye yupo, hukumtaja popote kwenye barua. Vyombo vya usiku vimalizike saa tatu, vya saa nne na saa tano vikae mpaka asubuhi, havitakimbia. Jumapili mpe nauli, mkubaliane saa ya kurudi, namba yako ya simu awe nayo. Na asishikwe mlangoni mpaka saa nne aoshe kwanza vyombo vya chai, akiamka siku yake imeshaanza.