Wasomaji Wauliza: Ubao Umechomekwa, Laptopu Haiutambui

SWALI: Assalaamu alaykum, Ndugu Mhariri. Mimi ni mwalimu wa sayansi katika skuli ya sekondari hapa Wete. Nimenunua Unguja ubao wa Raspberry Pi Zero 2 W, yaani kompyuta ndogo ya ubao mmoja, ili wanafunzi wangu wapime joto na unyevu katika ghala la karafuu. Kwa kuwa skuli haina waya wa skrini unaoingia katika tundu dogo la picha la ubao huo, nilitaka niuunganishe na laptopu ya Windows 10 kwa waya wa USB peke yake. Kwa waya wa kwanza, taa ya ubao iliwaka lakini laptopu haikuonesha kitu. Kwa waya wa pili iliandika "Unknown USB Device" na chini yake "Device Descriptor Request Failed". Nilipobadilisha tundu la laptopu, kikatokea kifaa kiitwacho "USB Serial Device" chenye jina la COM5, nami bado siwezi kuingia katika ubao. Sasa nimeshusha kutoka intaneti programu inayodai kutafuta draiva zote za kompyuta (zile programu zinazoiwezesha kutumia vifaa vinavyochomekwa), nayo inataka nilipe kwanza. Je, nilipe? Na draiva ya ubao huu inapatikana wapi?
Mwalimu, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, Maalim. Usilipe, na programu hiyo uiondoe kabisa kabla hujaendelea na jambo jingine, kwa sababu draiva unayoitafuta imo tayari ndani ya Windows yako. Programu za aina hiyo huishi kwa hofu ya watu: hukagua kompyuta, hutoa orodha ndefu ya vitu vinavyodaiwa kuwa vimepitwa na wakati, na mara nyingi hubadilisha draiva nzima zilizokuwa zikifanya kazi vizuri. Barua yako imeeleza matatizo matatu tofauti, na katika hayo ni moja tu linalohusu draiva.

Tuanze na waya wa kwanza. Waya wa kawaida wa USB 2.0 una nyuzi nne ndani yake: mbili hupitisha umeme na mbili hupitisha data. Nyaya nyingi zinazouzwa madukani kwa ajili ya kuchajia simu zina zile mbili za umeme tu, kwa hivyo taa ya ubao huwaka vizuri na mtu akaamini kwamba waya ni mzima. Namna nyepesi ya kuupima ni kuuchomeka kwenye simu inayotumia tundu la aina hiyo. Simu ikichaji tu bila ya kukubali kuhamisha mafaili, huo ni waya wa kuchajia, nawe utafute mwengine. Jambo hilohilo hutokea hata kwa waya mzuri ukiuchomeka mahali pasipo pake, kwani Zero 2 W ina matundu mawili ya USB yanayofanana kwa sura. Lile lililoandikwa "PWR IN" ni la umeme peke yake, wala halina data. Laptopu iunganishwe na lile lililoandikwa "USB", ambalo hupokea umeme na data kwa pamoja, na kwa kawaida tundu la laptopu linatosha kuuendesha ubao huu bila ya chaja ya pili.

Ujumbe wa waya wa pili ndio unaowapoteza watu wengi, kwa kuwa Windows huuonesha palepale inapoonesha matatizo ya draiva. Kifaa chochote cha USB kinapochomekwa, kompyuta huanza kwa kukiuliza kijitambulishe, nacho hujibu kwa nambari mbili, moja ya mtengenezaji na moja ya bidhaa, pamoja na maelezo ya kazi kinayoweza kuifanya. Ni baada ya jibu hilo tu ndipo kompyuta inapochagua draiva. Maneno "Device Descriptor Request Failed" maana yake ni kwamba kifaa kimepiga hodi, kikaulizwa jina, kikanyamaza. Asiyetaja jina hapatiwi draiva, hata ungeshusha zote zilizopo duniani. Ukitaka kuhakikisha, fungua Device Manager, yaani orodha ya vifaa ndani ya Windows, bonyeza kifaa hicho kwa kitufe cha kulia, ingia katika Properties kisha Details, na uchague Hardware Ids. Ukikuta VID_0000 (VID ni ile nambari ya mtengenezaji, na PID ni ya bidhaa), ujue kwamba hakuna jina lililopatikana, na hapo pa kutazama ni waya, tundu, kigawanyio cha USB kama unakitumia, na umeme unaofika kwenye ubao. Kwetu visiwani ongeza na chumvi ya hewa ya bahari, ambayo hushika vyuma vya ndani ya matundu pole pole mpaka nyuzi za data zikawa zinagusa na kuachia. Tone la spiriti safi na brashi laini, ubao ukiwa umezimwa, huondoa mengi. Kwa kuwa wewe ulibadilisha tundu na ujumbe ukaondoka, ninaamini kasoro ilikuwa katika tundu la mwanzo la laptopu, nalo ningelitia alama ili wanafunzi wasilitumie kwa kazi hii.

Liko jina jingine unaloweza kulikuta siku moja, nalo ni "BCM2710 Boot". Ubao wa aina hii usipopata mfumo wa kuwashia katika kadi ya memori, hugeuka na kusubiri uwashwe kwa njia ya USB, na hilo ndilo jina unalojitambulisha nalo. Windows huweka alama ya manjano na kusema haina draiva yake. Ni kweli haina, lakini wewe huihitaji: toa kadi, iandike upya, uirudishe, na uangalie kama taa ya kijani inapepesa, dalili kwamba ubao unaisoma kadi.

Sasa tuje kwenye COM5, ambayo ni habari njema zaidi kuliko ulivyoiona. Inaonesha kwamba kadi yako imewasha mfumo, kwamba ubao umejitambulisha, na kwamba yale mambo mawili yanayohitajika kwenye kadi ili ubao uzungumze na laptopu kwa njia ya mtandao kupitia waya wa USB umeyatia: mstari wa dtoverlay=dwc2 katika faili la config.txt, na maneno modules-load=dwc2,g_ether katika cmdline.txt baada ya neno rootwait. Kwa faida ya wasomaji wengine, cmdline.txt lazima ibaki mstari mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na mstari wa dwc2 uwekwe chini ya sehemu ya [all] mwishoni mwa config.txt, kwa sababu sehemu zinazotangulia zinahusu mbao za aina nyingine na Zero haizisomi.

Kilichotokea kwako ni Windows kukosea kukisia. Ubao unajitokeza kama kadi ya mtandao ya aina ya RNDIS, yaani mtandao unaopita katika waya wa USB, lakini namna unavyojieleza inafanana mno na ya modemu za zamani, basi Windows 10 ikaupa draiva yake ya vifaa vya siriali na kuufanya COM5. Siriali ni ile njia ya kupeleka data herufi baada ya herufi. Kwanza thibitisha katika Hardware Ids kwamba nambari ni VID_0525 na PID_A4A2. Zikiwa ndizo, bonyeza COM5 kwa kitufe cha kulia na uchague Update driver, kisha Browse my computer, halafu Let me pick, maana hapa hutaki kompyuta ikuchagulie tena. Katika orodha ya aina za vifaa chagua Network adapters, kwa mtengenezaji chagua Microsoft, na katika majina yatakayotokea chagua "Remote NDIS Compatible Device". Windows itakuonya kwamba haina hakika kama draiva hiyo inafaa, kubali. COM5 itaondoka, na kifaa kitahamia katika orodha ya kadi za mtandao. Hakuna kilichoshushwa na hakuna kilicholipiwa.

Ikiwa baada ya hapo kadi ya mtandao inaonekana lakini ubao hauitiki kwa jina lake, yaani jina uliloupa ubao pamoja na .local, suala la draiva limekwisha na umeingia katika suala la anwani za mtandao. Maelekezo mengi yaliyoandikwa kabla ya mwishoni mwa 2023 hukwamia hapa, kwa kuwa toleo la mfumo wa Raspberry Pi liitwalo Bookworm lilibadilisha programu inayosimamia mtandao. Kwa Maalim aliye na darasa linalosubiri, ushauri wangu ni kuiandika kadi kwa Raspberry Pi Imager, programu ya kuweka mfumo kwenye kadi, na kujaza humo jina la mtumiaji, neno la siri, ruhusa ya SSH (njia ya kuingia katika ubao kutoka kompyuta nyingine) na jina la Wi-Fi ya simu yako. Simu iweke katika mawimbi ya GHz 2.4, kwani Zero 2 W haipokei ya GHz 5. Ukishaingia kwa njia hiyo, upande wa USB unaweza kuutengeneza kwa nafasi yako. Na usitafute jina la "pi" na neno la siri lililozoeleka. Tangu Aprili 2022 mfumo hauji tena na mtumiaji huyo.

Kwa jumla ya wanaoniandikia kuhusu alama ya manjano, ninaomba barua zije na nambari ya kosa iliyomo ndani ya Properties. Nambari 28 inasema kifaa kimejitambulisha ila draiva haipo. Nambari 43 inasema kifaa kimeripoti hitilafu au hakikujibu, na mara nyingi sana chanzo ni waya. Nambari 52 inasema draiva ipo lakini haina sahihi inayokubaliwa, jambo linalowapata wanaotumia vifurushi vya zamani vya draiva kwenye Windows ya bit 64. Nambari 10 ina hadithi yake, kama ifuatavyo.

SWALI: Ninatumia kiunganishi cha USB kwenda siriali kutazama ubao wa Orange Pi unavyowaka. Kwenye laptopu ya zamani ya kaka yangu kilifanya kazi. Kwenye yangu ya Windows 11 ninapata kosa namba 10 na maneno "PL2303HXA PHASED OUT SINCE 2012. PLEASE CONTACT YOUR SUPPLIER." Duka nililonunua linasema kifaa ni kipya. Nani mkweli?
Mwanafunzi, Fuoni, Unguja

JIBU: Inawezekana wote wawili ni wakweli. Maneno hayo yameandikwa na Prolific, kampuni ya Taiwan inayotengeneza chipu za PL2303, ndani ya draiva yake yenyewe. Chipu ya HXA imeigwa sana na watengenezaji wengine, na kampuni ilipoacha kuitengeneza iliamua kwamba draiva mpya zisiitumikie kabisa, iwe halisi au ya kuigiza. Kifaa chako kinaweza kuwa kilitoka kiwandani mwaka huu kikiwa na chipu iliyoigwa kutoka ile ya zamani. Laptopu ya kaka yako ina draiva ya zamani isiyouliza maswali.

Mgogoro wa namna hii si mgeni. Mwezi wa Oktoba 2014 kampuni ya FTDI ya Scotland ilitoa, kupitia masasisho ya Windows, draiva iliyobadilisha nambari ya bidhaa ndani ya chipu za kuigiza ikawa 0000, hata kompyuta hazikuzitambua tena. Baada ya malalamiko makubwa iliiondoa. Kwa maoni yangu, mnunuzi wa mwisho ndiye aliyeadhibiwa kwa kosa asilolijua.

Unaweza kurudisha draiva ya zamani kwa kutumia Update driver na kuchagua toleo la nyuma kama lipo katika orodha, lakini Windows Update huenda ikairudisha mpya bila ya kukuarifu. Ukiwa na Linux, hata ya kuwashia kutoka flashi, kifaa hichohicho kwa kawaida hutambuliwa mara moja na kuitwa ttyUSB0. Lakini ikiwa unakusudia kuendelea na kazi hii, nunua kiunganishi chenye chipu ya CP2102 au CH340, ambavyo si ghali. Kabla ya kukiunganisha, hakikisha kwamba mawasiliano yake ni ya volti 3.3, kwani volti 5 kwenye pini za Orange Pi zinaweza kuiua chipu kuu. TX (pini ya kutuma) ya upande mmoja iende RX (pini ya kupokea) ya upande wa pili, ardhi (GND) kwa ardhi, na waya mwekundu wa volti 5 uuache bila ya kuunganishwa maadamu ubao una umeme wake.

SWALI: Mimi ninatumia Ubuntu 22.04. Kiunganishi changu cha CH340 kinaonekana kwa amri ya lsusb, inayoorodhesha vifaa vya USB, lakini ttyUSB0 hutokea na kupotea papo hapo. Nifanyeje?
Msomaji, Chake Chake

JIBU: Andika sudo dmesg, amri inayoonesha kumbukumbu za mfumo, mara baada ya kukichomeka. Ukiona jina la brltty, umempata mhusika. Hiyo ni programu inayowasaidia wasioona kutumia vifaa vya maandishi ya nukta nundu, na baadhi ya vifaa hivyo hubeba nambari ileile ya CH340, yaani 1a86:7523, kwa hivyo programu hukichukua kiunganishi chako ikidhani ni cha kwake. Kama hakuna anayeihitaji katika kompyuta hiyo, iondoe kwa sudo apt remove brltty, kisha uchomoe na kuchomeka tena. Kama yupo, usiiondoe. Zima tu mstari wenye nambari hiyo katika faili la kanuni zake za udev, sehemu ya Linux inayosimamia vifaa vinavyochomekwa. Ikiwa ttyUSB0 itabaki lakini unakataliwa ruhusa, jiongeze katika kundi la dialout, la watumiaji wanaoruhusiwa kutumia matundu ya siriali, na utoke katika akaunti yako na kuingia upya, kwani ruhusa hiyo haianzi kufanya kazi kabla ya hapo.