Niweke nyimbo gani nikitembea ili nipungue?

Swali: Kochi habari, mi nina miaka 38, kilo 84, natembea asubuhi Mwenge mpaka Makumbusho na kurudi, kama dakika 45, mara 4 kwa wiki. Nikiweka taarab najikuta natembea kama naenda harusini, nikiweka singeli dakika 5 tu nimekata pumzi. Niweke nini?

Jibu: Salama dada yangu. Kwanza tuwekane sawa, mziki wenyewe haukati mafuta hata kidogo, kazi yake ni kukufanya usiangalie saa kila dakika mbili na kuishika miguu isilegee. Nusu saa ya kutembea haraka kwa kilo zako ni kama kalori 180 hivi, sasa ukirudi nyumbani ukafungua soda ya 350ml ina kama 150, karibu yote umeirudisha. Muda wako lakini uko vizuri, 45 mara 4 ni dakika 180 kwa wiki, Shirika la Afya Duniani linataka angalau 150.

Haya, nyimbo. Wewe umechagua kwa aina ya mziki wakati cha kuangalia ni midundo mingapi kwa dakika, maana kila mdundo ni hatua moja. Hatua 100 kwa dakika ndo tunaanza kuiita mazoezi ya wastani, ukigonga 130 hapo kazi ni nzito, huongei na mtu. Kwahiyo kesho dakika 10 za kwanza usiweke mziki kabisa, tembea kasi ambayo unaweza kuongea sentensi nzima ila kuimba huwezi, afu hesabu hatua kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Tuseme umepata 27, hiyo ni 108, ndo namba yako. Tafuta nyimbo za hapohapo au juu kidogo, 110 mpaka 115, na wimbo unaupima vilevile, gonga paja kufuata ile ngoma ya chini sekunde 15 mara 4. Amapiano nyingi ziko humo humo, na siku hizi bongo fleva kibao zimechukua ule mdundo, hutakosa.

Singeli inaenda 200 na zaidi, nyingine inakaribia 300, mguu gani utaifuata? Ila usiitupe, ya 220 kanyaga mdundo mmoja ruka mmoja, unakuwa 110. Sema inataka nidhamu maana mwili wenyewe unatamani kuikimbiza, na ndo hapo pumzi inakata.

Mi binafsi silaha yangu ni dansi la Kikongo. Zile nyimbo ndefu za dakika 8, mwanzo wanaimba taratibu unatembea zako kawaida, likiingia sebene gita linaanza kulia unaongeza mwendo na mikono inapigwa, wimbo ukiisha unashusha. Nyimbo 4 za hivyo umeshafanya zoezi la kupanda na kushuka bila kugusa saa. Taarab iache dakika 5 za mwisho, mapigo ya moyo yashuke.

Costas Karageorghis wa chuo cha Brunel kule Uingereza amesoma haya mambo miaka mingi, mziki unapunguza ile hisia ya kuchoka ukiwa kasi ya chini au ya kati, ukishajikamua sana hausaidii tena kivile. Ndo maana kwenye kutembea unafanya kazi kuliko kwenye mbio kali.

Pakua nyimbo kabla hujatoka, tangazo likiingia katikati mguu unapotea kabisa. Na barabarani pale weka sikio moja tu, mi bodaboda alishanipitia nyuma kwenye njia ya waenda kwa miguu mpaka kioo chake kikagusa kiwiko, honi alipiga sikuisikia.

Baada ya wiki 3 hesabu tena. Ukijikuta unaimba kiitikio chote bila kuhema basi huo wimbo umeshakuwa mdogo kwako, tafuta wa 118.