Mfupa Ukivunjika, Tazama Vidole

Nimefunga plasta kwa miaka mingi hapa Kisumu. Wagonjwa wangu wengi ni wa ajali za bodaboda, na msimu wa mapera ukifika wanaongezeka watoto walioanguka mitini. Ndugu zangu, mfupa wenyewe waweza kungoja saa kadhaa. Kiungo kisichopata damu hakingoji.

Mtu akigongwa pale Kondele mguu ukapinda, watu wema humwinua haraka wakambana katikati ya wawili kwenye boda, mguu unaning'inia. Tafadhali msifanye hivyo. Mfupa ukichezacheza, ncha zake hukata nyama na mishipa. Paja likivunjika, mtu anaweza kupoteza lita nzima ya damu ndani kwa ndani, nje usione hata tone. Mfungeni kwanza hapo hapo alipo, kwa leso na ubao au kadibodi nene inayovuka maungio ya juu na ya chini ya palipovunjika. Msiukande. Chai na uji msimpe, huenda akahitaji nusukaputi. Mfupa ukitokeza nje, msiusukume ndani. Ufunikeni kwa kitambaa safi na mwende hospitali mara moja, apate dawa ya kuua bakteria na sindano ya pepopunda.

Sasa vidole. Mvueni pete na bangili kabla mkono haujavimba. Kabla ya kufunga, na tena baada ya kufunga, gusa vidole: vina joto? Anahisi? Anaweza kuvichezesha? Bonyeza ukucha uwe mweupe, uachie; rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Isiporudi, legeza.

Nalikazia hili kwa sababu ya viwiko vya watoto. Mtoto akiangukia mkono ulionyooka, mara nyingi mfupa huvunjika juu kidogo ya kiwiko, na mshipa mkubwa wa damu unapita papo hapo. Akifungwa vijiti kwa kamba iliyokazwa, misuli inaweza kuanza kufa baada ya saa 6 hivi. Nimeona vidole vilivyobaki vimejikunja kama kucha za mwewe, na mwenyewe bado hajaanza shule. Wakandaji wetu wengine wana mikono mizuri, siwadharau, lakini hawana eksirei, na kiwiko cha mtoto hakitaki kubahatisha.

Kifundo cha mkono cha mtoto huunga kwa wiki 4 hadi 6. Muundi wa mtu mzima huchukua miezi 3 au 4, wakati mwingine zaidi, na sigara huuchelewesha.

Plasta nayo hubana. Siku 2 za kwanza, egemeza mkono au mguu juu ya mito, uwe juu kuliko moyo. Maumivu yakizidi hata baada ya kumeza dawa, vidole vikifa ganzi, au kuvinyoosha tu kukamfanya mgonjwa alie, usingoje kliniki ya Jumatatu. Mlete usiku huo huo. Pale hospitali ya Jaramogi, ambayo sisi wa Kisumu twaiita Russia, upande wa dharura haufungwi. Kuipasua plasta ni kazi ya dakika chache, na nyingine tutamfunga.