Kilomita 300,000 za Shangazi, na zile 17,000 zilizofutwa

Gari letu ni Corolla 110 ya mwaka 1997, namba A, rangi ya fedha ambayo siku hizi inakaribia rangi ya sufuria kuukuu. Watoto walimpa jina la Shangazi kwa sababu hakosi shughuli: harusi yumo, msiba yumo, mgonjwa wa usiku wa manane yumo. Desemba 2023, tukienda Iringa kula Krismasi, Shangazi alitimiza kilomita 300,000. Na alijua pa kutimizia: katikati ya Hifadhi ya Mikumi.

Anayeijua barabara ile anaelewa. Ni kama kilomita 50 ndani ya hifadhi, mwendo mwisho 70 mchana, na kuna ubao wenye orodha ya faini kwa dola, kila mnyama na bei yake. Si mahali pa kusimamisha gari ili upige picha ya dashibodi. Binti yangu alikuwa ameshika simu tangu Doma, akisoma namba kama mtangazaji wa mpira. Ilipofika 299,999 hata mama yao, ambaye usingizi humkamata Chalinze, akaamka. Odomita ya Shangazi ni ile ya vigurudumu vya namba. Tisa zote zikaanza kupanda kwa pamoja, polepole, zikakaa nusu tisa nusu sifuri kwa muda mrefu kiasi kwamba nilisahau kukanyaga mafuta na lori la nyuma likaanza kuniwashia taa. Video ipo, ila inatikisika, na kinachosikika zaidi ni mimi nikisema "usinizibe, usinizibe".

Nilipoirusha kwenye kundi la ukoo, kila mtu akataka siri. Siri sina. Nina mambo ambayo kama ningeambiwa mwaka 2005, nilipomnunua, ningeokoa hela nyingi.

La kwanza ni maji. Miaka minne ya mwanzo nilimjazia maji ya bomba, na bomba likikauka, ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, sabuni haitoi povu, na mimi nilikuwa nayamimina kwenye rejeta bila wasiwasi. Gari likaanza kupandisha joto kwenye foleni. Fundi wa kwanza, kijana wa chini ya mwembe, alichomoa themostati, kile kivalvu kinachozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto, akaitupa. "Hii ni ya nchi za baridi, bosi. Huku haina kazi." Geji ikashuka, nikamshukuru na kumlipa. Kumbe injini sasa ilikuwa haifikii joto lake la kufanyia kazi. Nilikuwa napata kilomita 13 kwa lita, nikashuka hadi 10 na kitu, na kutu iliendelea kula rejeta kimyakimya. Fundi akikuambia themostati haina kazi Afrika, chukua funguo zako.

Mwaka 2009, tukipanda mlima wa Kitonga nyuma ya lori la mafuta linaloelekea Tunduma, geji ikapanda mpaka juu. Nikajisemea ngoja nifike kileleni kwanza. Hicho "ngoja" kiliniua gasketi ya silinda hedi. Ukiona sindano inapanda kupita kawaida yake, weka gari pembeni, zima, na usifungue kifuniko cha rejeta mpaka ipoe kabisa. Usione aibu kwa sababu mama mkwe yumo ndani. Mimi alikuwemo.

Tulivutwa mpaka Iringa mjini, na huko nikakutana na fundi mzee ambaye ndiye kwa kweli aliyemfikisha Shangazi hapa. Alipofungua injini na kufuta grisi kwenye kava la mkanda wa taimingi, ule unaozungusha sehemu za ndani ya injini kwa mpangilio, ikatokea stika ndogo ya Kijapani. Maneno hatukuweza kuyasoma, ila namba ni namba: 16, halafu 3, na chini yake 101,240 km. Mzee alishawahi kuziona nyingi. Gereji za Japani zikibadilisha mkanda hubandika stika yenye tarehe na kilomita, na 16 pale ni mwaka wa kifalme wa Heisei. Ukijumlisha 1988 unapata 2004. Kwa stika za karibuni, za Reiwa, unajumlisha 2018.

Sasa piga hesabu. Machi 2004, Japani, gari lina kilomita 101,240. Mwaka 2005 nalinunua kwenye yadi moja Dar, odomita inasoma 84,120. Lilikuwa limekua kinyumenyume.

Mzee alicheka mpaka akakaa kwenye tairi. "Mwanangu, wamekuuzia gari ambalo halijazaliwa." Mimi sikucheka siku ile.

Kwa hiyo 300,000 ya kweli tuliipita zamani, mwaka mmoja na zaidi kabla, pengine kwenye foleni ya Mbezi nikimgombeza mtu wa bodaboda, na hakuna aliyeona. Zilifutwa angalau kilomita 17,000. Kwa mtu anayenunua gari kutoka Japani leo, ushauri wangu ni huu: usiishie kusoma dashibodi. Omba kuona cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje, maana huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Fungua boneti na milango utafute stika za mkanda na za oili. Angalia pedali ya breki: gari linalodai kilomita 60,000 halafu mpira wa pedali umelika hadi chuma, hilo linadanganya.

Na siku hiyohiyo uliyolinunua, anza daftari. Langu ni la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na limeshashonwa mara mbili. Naandika tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, bei. Oili na filta kila kilomita 5,000. Mkanda ulifungwa pale Iringa 2009 kwa kuwa injini ilikuwa wazi tayari, ukafungwa mwingine 2017 kwenye 228,000. Bila daftari ningekuwa namwambia kila fundi "nadhani juzijuzi", na ukimwambia fundi hivyo atakubadilishia kila kitu au asibadilishe kitu.

Vipuri nanunua Gerezani, Dar, na nina kanuni moja: kisichonisimamisha wala kunikatisha kona naweza kuchukua kilichotumika. Saiti mira, kitasa, taa ya nyuma, sawa. Bol jointi, pedi za breki, mipira ya mafuta, hapana, nanunua vipya na nasimama pale fundi anapofunga. Saiti mira, kwa taarifa yenu, nimenunua nne, na nina hakika mbili kati ya hizo zilikuwa zangu mwenyewe.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nisiuze. Shangazi ana kilomita 215,880 ambazo ni zetu, kila moja naijua ilikwenda wapi. Hizo ndizo nilizosherehekea Mikumi, si zile za yadi. Siku chasisi ikioza nitamuaga. Kioo cha umeme kilichokufa si sababu.

Tulipofika Iringa nilimpitia yule mzee kumsalimia. "Kamwene," nikamwambia, nikamwonyesha dashibodi kabla hata sijazima gari. Akavaa miwani, akaisoma namba, akanipa mkono wa hongera. Kisha akaomba daftari, akalipekua kurasa tatu nne kwa kidole chenye oili.

"Mafuta ya giaboksi umebadilisha lini?"

Nikamwambia mzee, tuingie ndani kwanza, watoto wana njaa.