Maswali na Majibu: Kazi na Zana za Mhandisi wa Programu za Kisayansi

Kazi ya mhandisi wa programu za kisayansi inatofautianaje na ya waandishi wengine wa programu?

Anayeandika programu ya mishahara hujua mapema jibu sahihi linapaswa kuwa lipi, ilhali anayekokotoa mwendo wa hewa angani mara nyingi hutafuta jibu ambalo bado hakuna anayelijua. Kwa hiyo juhudi zake nyingi huishia katika kuthibitisha: huanza na hali nyepesi inayoweza kutatuliwa kwa kalamu na karatasi, kisha huhakikisha kwamba nishati haipotei katikati ya hesabu. Sehemu hii ya kazi ndiyo inayonivutia kuliko zote.

Nikijumlisha 0.1 na 0.2 katika lugha ya programu ya Python napata 0.30000000000000004. Je, kompyuta yangu ni mbovu?

Kompyuta yako ni nzima. Huhifadhi namba kwa tarakimu za sifuri na moja tu, na katika mfumo huo 0.1 haina mwisho, kama theluthi moja isivyokwisha tunapoiandika kwa desimali, hivyo hulazimika kukatwa. Tafadhali usilipuuze jambo hili. Mwezi Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot wa kuzuia makombora uliokuwa umewashwa kwa takriban saa 100 ulikuwa umelimbikiza kosa la karibu theluthi moja ya sekunde, kwa kuwa sehemu ya kumi ya sekunde ilikatwa ili ienee katika biti 24, yaani tarakimu 24 za sifuri na moja. Ukashindwa kulizuia kombora la Scud, na askari 28 wa Marekani wakauawa. Usilinganishe namba za desimali kwa alama ya usawa. Pima tofauti kati yake, na uamue mapema ni kosa kubwa kiasi gani unaloweza kulivumilia.

Kwa nini Fortran, lugha ya programu iliyotolewa na IBM mwaka 1957, bado inatumika?

Kwa sababu ina kasi na imehakikiwa kwa miongo mingi. Hata anayetatua milinganyo kwa NumPy, maktaba ya hesabu ya Python (yaani mkusanyo wa taratibu zilizo tayari kutumika), kwa kawaida hutegemea taratibu za LAPACK, maktaba iliyoandikwa kwa Fortran.

Wewe unapendelea zana zipi?

Kihariri, yaani programu ya kuandikia msimbo (maagizo ya kompyuta), ni suala la mazoea. Mimi hutumia Vim, na anayetumia Emacs hakosi kitu. Nisichoweza kukiacha ni Git, zana ya kutunza matoleo ya msimbo iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, kwa kuwa huniwezesha kujua kila mchoro ulitokana na toleo lipi la msimbo, pamoja na majaribio yanayojiendesha yenyewe kila msimbo unapobadilishwa. Jupyter, daftari la kuendeshea msimbo kipande kwa kipande, naipenda kwa uchunguzi wa awali wa data, ila ina hatari yake: ukifuta mstari uliounda kigeu fulani (jina linaloshika thamani), kigeu chenyewe hubaki kwenye kumbukumbu, na hesabu huendelea kutoa majibu ambayo mwenzako hawezi kuyapata kutoka kwenye faili hilohilo. Kabla ya kumpelekea mtu matokeo, anzisha upya kikao na uendeshe vipande vyote kuanzia juu hadi chini.